Wadudu wa Mama

Tak.

Sauti ndogo tu, ya karatasi ya dawa ikitobolewa kwa kidole gumba. Nilikuwa jikoni gizani napapasa kiberiti, adhana ya alfajiri bado, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nikasimama. Nyumba yetu ya Kwa Mathias, hapa Kibaha, haina dari, kwa hiyo kinachofanyika chumba kimoja kinasikika vyumba vyote.

Tak, mara ya pili.

Sauti ile ilitoka chumbani kwa mama, na mama hakuwa na dawa yoyote ya kutoboa. Dawa yake alikuwa anachomwa sindano kituoni, na panadoli zake nilikuwa naziweka mimi, ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati. Nikawasha tochi ya simu nikaingia bila hodi.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nyuma yake mwanangu Maulida amelala chali, mguu mmoja juu ya mto wa bibi yake. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umefumbwa.

"Mama, unameza nini?"

"Sijameza."

"Ulitaka kumeza nini?"

"Kidawa mwanangu, zima hiyo tochi, utamwamsha mtoto."

Sikuzima. Nikapiga magoti mbele yake, nikamfumbua vidole kimoja kimoja kama ninavyomfanyia Maulida akiokota kitu uani. Kiganjani kulikuwa na vidonge viwili vya maganda, upande mwekundu, upande wa njano.

"Rangi mbili," nikasema.

"Kwapa linaniwasha tu. Nilisema nimalizie hivi viwili visiharibike."

"Umalizie? Vingine viko wapi?"

Mama akatazama chini. Akaanza kunihesabia polepole. Vilikuwa kumi. Viwili dada yake, mama mkubwa Sikuzani, alivifungua akammwagia unga wake juu ya kidonda cha sindano. Sita alivimeza kulekule kijijini Kibuta, siku zile za ngoma ya harusi. Akajisikia nafuu, akaacha. Viwili ndivyo hivi.

Nikakaa sakafuni. Sakafu ilikuwa ya baridi, nayo ilinifaa.

*

Nieleze kwanza kwa nini vidonge ambavyo kila duka la dawa linauza vilinikalisha sakafuni.

Mama yangu, Mwamini, alikatwa titi miaka miwili iliyopita. Akachomwa dripu Dar mpaka nywele zikaisha, tukasema kwisha, alhamdulillahi. Mwaka jana mwishoni kansa ikajitokeza tena, uvimbe kwapani, na picha ya mashine kubwa ikaonyesha madoa matano kwenye mapafu. Dripu za safari ya pili zilimchosha zaidi kuliko zilivyoichosha kansa. Ndipo tukaelekezwa kituo cha utafiti hapahapa Kibaha, walikokuwa wanajaribu dawa mpya kwa watu kumi na wanne. Dawa yenyewe ni bakteria. Wako hai.

Mimi siku ile ya kwanza niliogopa. Tulikuwa tumetoka kufundishwa bakteria kwenye darasa la jioni ninakosomea kidato cha nne, kwenye topiki ya magonjwa, na mwalimu alichora ubaoni kijiti chenye mikia akakizungushia chaki nyekundu. Sasa daktari ananiambia kijiti kile atamwingizia mama yangu kwa sindano.

Dokta Laurean alieleza taratibu, kwa karatasi na kalamu. Bakteria hawa wamefanyiwa kazi maabara. Wamepunguzwa makali yao ya kuleta ugonjwa, wakaongezewa kazi moja. Wanapenda kujificha ndani ya uvimbe kwa sababu mle hewa ni chache. Wakishatulia mle wanatoa kemikali inayoziita chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Askari wakifika, wanaijua sura ya kansa. Wakishaijua, inatarajiwa waifuate hata ilikokimbilia, kwenye mapafu. Alisema "inatarajiwa" mara tatu. Nilimpenda kwa hilo.

Mama alikuwa anaitikia tu. Daktari alipotoka, nesi Recho akavuta kiti. Recho ni Mnyamwezi wa Tabora, na alipojua sisi ni Wazaramo wa Kisarawe hakuwahi kumwita mama jina lake tena.

"Mtani, umeelewa?"

"Nimeelewa kidogo."

"Sikiliza. Hiyo kansa imevaa nguo za nyumbani kwako. Askari wako wanapita, wanaisalimia, wanaendelea na safari. Sasa nyinyi Wazaramo mkisikia ngoma mnaacha hata sufuria motoni, kweli si kweli?"

"Mnyamwezi wewe! Kazi yenu kubeba mizigo ya watu, ngoma mtazijulia wapi?"

"Basi hawa wadudu ni wapiga ngoma. Tunawatuma wakapige mlemle ndani ya uvimbe. Askari wako watakuja mbio, si Wazaramo hao? Wakifika ndiyo wanaiona kansa imekaa katikati."

Mama alicheka mpaka akashika kifua. Akatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, mimi nikatia sahihi kama shahidi. Kuanzia siku ile akawaita wadudu wangu. "Wadudu wangu leo wametulia." "Wadudu wangu hawapendi nikilala ubavu huu."

Sindano ya kwanza ilichomwa kwapani saa tatu asubuhi. Jioni akatetemeka, homa ikapanda, wakamwangalia usiku kucha, asubuhi ikashuka. Daktari alisema homa si ushahidi wa kupona, ila inaonyesha mwili umewasikia. Baada ya wiki tatu uvimbe uliokuwa kama ndimu ulilainika, na rula ya daktari ikasema umepungua. Kidogo, alisema. Lakini niliona alivyopima mara mbili.

Masharti yalikuwa mawili makubwa. La kwanza, asitumie dawa yoyote ya kuua bakteria bila wao kujua, na hilo aliandikiwa kwenye kadi ya kutembea nayo. La pili lilikuwa langu. Nilipewa daftari la miraba, nimpime joto asubuhi, mchana na jioni, niandike.

Sindano ya pili alichomwa Jumatatu, na homa ikaja vilevile, ikaondoka. Alhamisi yake mama akataka kwenda Kibuta. Zuwena, binti wa mama mkubwa, alikuwa anaolewa, na mama ndiye somo yake. Alimfunda tangu alipovunja ungo. Bibi harusi kutolewa ndani bila somo yake? Hilo halipo. Daktari aliruhusu, ila kipimajoto kiende naye. Mimi nilikuwa na mtihani wa majaribio Ijumaa na Jumamosi, nikabaki.

Alirudi Jumapili jioni, ana furaha, sauti imekauka kwa kuimba. Daftari lilikuwa tupu. Siku nne, miraba kumi na miwili, hamna kitu.

"Kipimajoto kilikaa mkobani," akasema. "Watu wanacheza, mimi nikae na kijiti kwapani?"

Na hapa ndipo penye kosa langu. Niliona miraba ile mitupu nikaona aibu. Nikaona Recho atasema sisi si watu wa kuaminika. Nikakaa na kalamu, nikajaza. Thelathini na sita nukta nane. Thelathini na sita nukta tisa. Thelathini na saba kamili, ili ionekane kweli. Kwa mwandiko mzuri.

*

"Usiwaambie," mama alisema palepale kitandani, kwa sauti ya chini. "Watanitoa."

"Mama, hii dawa inaua bakteria. Wote. Haichagui."

"Mimi nilijua inaua wadudu wa kidonda. Sikujua itawagusa wangu."

Alikuwa amesema kitu ambacho mtu yeyote mtaani kwetu angekisema.

Jua lilipotoka nikampigia mama mkubwa, nikaweka sauti ya nje ili mama naye asikie.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Mgonjwa ameamkaje?"

"Salama. Mama mkubwa, ulimpa mama rangi mbili?"

"Nilimpa, ndiyo. Kidonda kinatoa maji, kichwa kinamuuma, na mwali yuko ndani anamsubiri. Nimtazame tu? Si amepona? Usiku ule alicheza mpaka wakwe wakamtunza!"

"Hakutakiwa kutumia. Kuna kadi kwenye mkoba wake, imeandikwa."

"Kadi!" Akacheka kwa upole. "Kidawa, mimi nimemlea mama yako. Marehemu bibi yako alipofariki, huyo alikuwa na miaka sita, akiumwa namjua kwa kumtazama tu. Leo nikasome kadi?"

Mama alikuwa anatazama ukutani. Nikaaga, nikakata simu.

Siku hiyo, Jumanne, tulitakiwa kituoni saa nne. Hamza, mume wangu, alishatoka na basi la saa kumi na moja kwenda kazini Dar, kwa hiyo Maulida hakuwa na wa kubaki naye. Nikamvika gauni, tukapanda bajaji watu watatu. Njia nzima mama alikuwa amenishika kiganja, anakibonyeza kila bajaji inapopita kwenye tuta. Nilimwelewa. Kule Dar walishamwambia dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu. Hapa Kibaha ndipo mahali pekee palipokuwa na kitu cha kujaribu. Kama wakimtoa, hatuna mlango mwingine.

Recho alilifungua daftari, akalipitisha kidole.

"Mwandiko huu! Kidawa, ukiwa daktari utawaharibia madaktari sifa."

Nikacheka. Nilijisikia vibaya kucheka.

"Safari hii imetulia kabisa," akaendelea, akiandika kwenye kompyuta. "Siku nne, homa hakuna, uchovu hakuna. Daktari atafurahi. Wiki ijayo kuna mama mmoja wa Mlandizi anaanza, walikuwa wanabishana wampe kiwango hikihiki au wampandishie. Kwa hali hii naona watampandishia."

Maulida alikuwa anachezea kamba ya viatu vyake. Nakumbuka nilimtazama yeye, sijui kwa nini, huku nikifikiria mwanamke nisiyemjua, huko Mlandizi, labda naye ana binti wa kumjazia daftari.

"Nesi," nikasema. "Hizo namba ni za uongo."

Vidole vya Recho vikasimama juu ya kompyuta.

"Za siku nne hizo. Nilizibuni mimi. Mama hakupimwa."

Mama aliniachia mkono. Nikafikiri amekasirika, kumbe alikuwa anafungua fundo la khanga. Akatoa ile karatasi ya dawa, imekunjwa mara mbili, na vile vidonge viwili, akaviweka juu ya meza karibu na daftari.

"Mtoto amesema lake, na mimi niseme langu," akasema. "Vilikuwa kumi, mtani. Vingine vimetumika."

Recho hakutania. Alisimama akamwita daktari.

*

Dokta Laurean alivitazama vile vidonge kwa muda, akavua miwani, akaifuta kwa koti.

"Ulimeza vingapi, mama?"

"Sita."

"Ulipewa umeze vingapi?"

"Vyote. Nilijisikia nafuu nikaacha."

Akatikisa kichwa. "Miaka kumi na moja nagombana na watu wamalize dozi. Leo ndiyo mara ya kwanza nafurahi mtu hakumaliza." Lakini uso wake haukuwa na furaha. "Hii dawa, mama, tunayo hata hapa kabatini. Tunaiweka kwa ajili ya dharura, wale bakteria wakizidi. Ndiyo breki yetu. Sasa wewe umekanyaga breki gari likiwa linapanda mlima."

"Limezimika?"

"Sijui. Tutavuta majimaji kidogo kwenye uvimbe, tuyaoteshe maabara. Siku tano."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hakufoka.

"Ungeacha mraba wazi, ningejua kwamba sijui. Ulipoujaza, nikadhani najua. Unaona tofauti?"

"Ndiyo, daktari."

"Hilo la pili ndilo linaloumiza watu."

Nililia pale, mbele ya mwanangu, na Maulida akanipangusa kwa gauni lake. Daktari alichora mstari mmoja juu ya ile miraba kumi na miwili, bila kuifuta, akaandika pembeni "haikupimwa", akanipa kalamu nitie sahihi.

Mama akauliza lile lililotuleta wote na moyo juu. "Mtaniondoa?"

"Siamui peke yangu. Kuna kamati. Naweza kuomba sindano irudiwe mara moja. Wakikubali, tunaanzia hapo. Ikitokea tena, sitaweza kuomba."

"Mkiniondoa, niambieni mimi," mama akasema. "Msimpe huyu mtoto kazi ya kuniambia."

Daktari akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Nyumbani kwenu, ukiumwa, nani anaamua?"

Mimi na mama tukatazamana. Mama ndiye aliyetia dole gumba. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Lakini swali lilikuwa lingine.

"Dada yangu," mama akasema. "Sikuzani. Yuko Kibuta."

"Basi kosa letu nalo liko hapo. Tumewaeleza watu wawili, aliyetakiwa kuelezwa yuko Kibuta. Siku ya majibu aje."

*

Mama mkubwa Sikuzani alifika Jumapili na kiroba cha mihogo, mananasi manne na hasira. Hasira ilikuwa ya kujihami, niliijua, kwa sababu alipomwona mama alimpima kwanza joto kwa mgongo wa kiganja, shingoni, kabla hata ya salamu. Usiku walilala kitanda kimoja, Maulida katikati, wakimsema bwana harusi.

Jumatatu asubuhi tukaingia wote ofisini kwa daktari. Mama mkubwa alikaa mbele, mkoba mapajani.

"Shikamoo mama," Dokta Laurean akasema.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimeitwa kama mshtakiwa. Naomba niulize kwanza. Hao wadudu wamekuwa watu mpaka waonewe huruma?"

Recho, aliyekuwa mlangoni, akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Daktari hakujibu kwa maneno. Akaleta visahani viwili vya plastiki vilivyofungwa kwa utepe, akavishikilia kwenye mwanga wa dirisha. Kimoja kilijaa vitone vidogo vya rangi ya maziwa, vimesambaa kama mtama uliomwagika mkekani. Cha pili kilikuwa kitupu, kinang'aa.

"Hivi ni vipimo vya wagonjwa wawili waliochomwa sindano wiki ileile," akasema. "Nadhani mama utanisaidia. Kipi ni cha mdogo wako?"

Mama mkubwa aliinama, akavitazama kwa makini. Akaonyesha kile kitupu kwa kujiamini. "Hiki. Kisafi."

"Ndiyo. Hicho."

Akatabasamu, akatugeukia kama aliyeshinda kesi. Kisha akaona sura ya mama. Akakigeukia tena kile kisahani, safari hii kwa muda mrefu. Alikuwa ameikumbuka hadithi ya ngoma. Mama alimsimulia usiku.

"Hawa wenye vitone," akasema polepole, "ndio wanaotakiwa wawemo?"

"Ndio."

"Na wa huyu?"

"Tumewatafuta, hatujawaona."

"Nimewaua."

"Dawa imewaua, mama. Wewe ulitaka mdogo wako asiumwe."

"Nimewaua," akarudia, mkoba ukamteleza mapajani, hakuuokota. "Wote?"

"Wote tuliowatafuta."

Mama alinyoosha mkono akamshika dada yake bega, naye akaufunika ule mkono kwa wake bila kumtazama. Halafu mama mkubwa akajikohoza, akakaa sawa.

"Basi wapeni wengine," akasema. "Hao wengine mimi nitawalinda mwenyewe. Kibuta nzima sitaki mtu ampe hata panadoli bila kuniuliza."

"Panadoli anaruhusiwa," Recho akasema.

"Hata kama!"

*

Kamati ilichukua siku nane. Siku zile nilipika, nikafua, nikaenda darasani jioni, nikarudi, na kila simu ilipoita nilimwambia Maulida anyamaze. Mama alikuwa mtulivu kuliko mimi. Alikuwa anapeta mchele uani na kunifundisha nyimbo za kumfunda mwali, zile ambazo hakuwahi kuniimbia mchana kweupe. Sikumuuliza kwa nini ananifundisha sasa. Siku moja akasema bila kuulizwa, "Hata wakikataa, mwanangu, ulisema vizuri." Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo.

Simu ilikuja Jumanne, na aliyeongea ni daktari mwenyewe, akaomba apewe mama. Mama alisikiliza, akasema "ahsante", akasema "ndiyo" mara nne, akanirudishia simu.

"Alhamisi," akasema. "Mara moja tu."

Daktari alikuwa ametuonya na jambo moja zaidi, na hakulificha. Mwili wa mama ulishawahi kukutana na bakteria hawa mara mbili. Huenda sasa ukawatambua na kuwamaliza haraka, kabla hawajaingia ndani ya uvimbe na kutulia. Ikiwa hivyo, hakutakuwa na homa, na hakutakuwa na kazi yoyote itakayofanyika mle. Hawatampa tena. Tungojee mpaka jioni, alisema, mwili wenyewe utasema.

Alhamisi akachomwa saa tatu. Akafungwa bandeji, akapelekwa chumba cha mapumziko chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama mikorosho. Mama mkubwa alikaa naye tangu asubuhi na hakutoka hata kunywa chai. Kadi ya masharti alikuwa ameitia kwenye mfuko wa plastiki, ameining'iniza shingoni kwake kwa utepe. Daftari lilikuwa langu tena. Sasa niliandika ninachokiona tu.

Saa sita, thelathini na sita nukta sita. Saa nane, nukta saba. Safari ile ya kwanza, muda kama huo, alishaanza kuvuta shuka.

"Unasikia baridi?" mama mkubwa akauliza.

"Sisikii."

"Hata kidogo?"

"Dada, nitasikiaje baridi na wewe umenifunika khanga tatu?"

Saa tisa, nukta saba tena. Recho aliingia, akasoma, akatoka. Akarudi.

"Mtani, usikate tamaa. Hata ngoma huoteshwa moto kwanza ndipo ilie."

"Mnyamwezi leo anatufundisha ngoma," mama akasema, lakini hakucheka. Akageukia dirisha. Mimi nilijua anahesabu. Mimi pia nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Hamza, na namna ya kumwambia mama kwamba tutatafuta mahali pengine, wakati najua hakuna mahali pengine.

Saa kumi daktari aliruhusu mtoto aingie. Maulida alikuwa amecheza na mlinzi getini, miguu imejaa vumbi jekundu. Mama mkubwa akampangusa kwa kitenge, akamnyanyua, akamweka kitandani upande usio na bandeji. Maulida alijisogeza kama anavyojisogeza kila usiku, akaingiza kichwa chini ya kidevu cha bibi yake, shavu shingoni.

Nilikuwa nimeshika kalamu, natazama mraba wa saa kumi, bado mweupe. Maulida alitulia. Kisha akainua kichwa, akalishika shavu lake mwenyewe, akaigusa tena shingo ya bibi yake, akanitazama amekunja uso.

"Mama, bibi anachemka."